Hita za Pikapu kwenye Umeme wa Lori

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa saba, mwanangu, baridi ya Tunduma ikiwa kali kiasi kwamba madereva waliokuwa kwenye foleni ya mpakani walishuka wakiwa wamejifunga mablanketi. Nilikuwa kijana niliyetoka shule ya ufundi, nikifanya kazi kwa Mzee Sichone, fundi umeme wa magari ambaye kabla ya kufungua gereji alikuwa mwalimu. Nilifanya kazi pamoja na Ramadhani, kijana wa Tanga, hodari wa hesabu na hodari zaidi wa maneno.

Tuliitwa na Mama Salma, mfanyabiashara wa kuku. Pikapu yake ilikuwa imekufa katikati ya foleni, betri imekwisha, na nyuma alipakia makreti ya vifaranga wa siku moja. Wewe umefuga, mwanangu, hivyo unajua kwamba kifaranga wa umri huo hawezi kujipasha moto mwenyewe. Njia nzima walipashwa moto na hita mbili ndogo za koili, na sasa hita zilikuwa zimezimika. Walilundikana pembeni, wakikanyagana, na sauti zao zilikuwa zikififia. Mama Salma alikuwa amefiwa na mume, na vifaranga hao ndio aliotegemea kuanza nao maisha upya.

Dereva wa lori lililokuwa nyuma yake alikubali kutoa umeme wa gari lake. Hapo ndipo hatari ilipoingia, tena kimyakimya. Pikapu hutumia volti kumi na mbili, ilhali lori kubwa hutumia ishirini na nne. Makreti yalitandikwa pumba za mpunga wa Kamsamba, kavu kabisa. Fyuzi ya hita iliondolewa zamani na mahali pake pakafungwa nyuzi za shaba, kama walivyozoea watu wa barabara yetu. Na mbele ya pikapu lilisimama lori la petroli.

Ramadhani alisoma kibati cha hita: volti kumi na mbili, ampea kumi. Akazidisha, akapata wati mia na ishirini. Kisha akagawanya mia na ishirini kwa ishirini na nne, akapata ampea tano.

"Mama, ondoa shaka," alisema. "Volti zikipanda, mkondo unashuka. Kwenye lori hita hii itakuwa mapumzikoni."

Watu wakacheka kwa nafuu. Kugawanya kwake hakukuwa na kosa. Hata mimi niliirudia hesabu kichwani nikaridhika. Alikwisha kuinamia betri, klipu mkononi, Mzee Sichone alipotokea upande wa pili wa lori.

"Ramadhani, shusha mkono."

Mama Salma akamsihi kwamba vifaranga wanakufa. Mzee akamjibu kwa upole kwamba anawaona, na kwamba anaomba muda wa hesabu moja tu. Dereva wa lori la petroli, Mzambia mtu mzima, alikuwa amekuja na kizima moto chake. "Mukwai," alimwambia Mzee kwa heshima ya kwao, "mimi kwenye tangi langu sikubeba maji."

Mzee akamgeukia Ramadhani. "Nani aliiambia hita hii kwamba kila iendako lazima iwe ya wati mia na ishirini?"

Ramadhani akakiinamia tena kibati.

"Koili haijui wati," Mzee aliendelea. "Inachokimiliki ni ukinzani, yaani jinsi inavyouzuia umeme kupita. Gawanya volti kwa ampea za kwenye kibati."

Kumi na mbili kwa kumi: omu moja nukta mbili, omu ikiwa kipimo cha ukinzani. Ukinzani huo, alisema, ni wa koili yenyewe, nao unakwenda nayo kwenye pikapu na kwenye lori. Ipe volti ishirini na nne, ugawanye kwa omu hizo, mkondo ni ampea ishirini, wala si tano. Zidisha ishirini na nne kwa ishirini: wati mia nne na themanini. Volti zimeongezeka mara mbili, joto limeongezeka mara nne, juu ya pumba kavu, na hakuna fyuzi ya kukata. Nilimwona Ramadhani akilitazama lori la petroli, kisha akaiweka klipu chini taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Mtu mmoja akashauri tuchukue umeme kwenye betri moja tu kati ya mbili za lori, kila moja ikiwa ya volti kumi na mbili. Mzee akakataa: betri hiyo ingechoka peke yake, na foleni ikisogea lori lisingewaka. Badala yake alitwambia tuunganishe hita zote mbili kwa mfululizo, umeme utoke kwenye moja uingie kwenye nyingine. Omu mbili nukta nne kwa jumla, ampea kumi, kila hita inapata volti zake kumi na mbili na wati zake mia na ishirini. Akatia fyuzi ya ampea kumi na tano, akaweka kipima mkondo katikati, akaniamuru nisome kwa sauti.

Klipu ikagusa. Mshale ulipanda, ukacheza, ukasimama karibu na kumi. Koili zikaanza kuiva taratibu, wekundu hafifu. Baada ya kitambo vifaranga wakaanza kuachana mmoja mmoja, wakasambaa kretini. Wachache hawakuamka. Mama Salma aliwatoa hao kwa mkono wake, akawahesabu waliobaki hai kwa kuwagusa vichwa, na machozi yakamtoka.

Mwanangu, nakuandikia haya kwa kuwa umeanza kazi hii, na najua utazungukwa na watu wenye haraka ya haki kabisa. Haraka yao isikufanye uanze na namba iliyo karibu. Uliza kwanza: katika kitu hiki, ni kipi kisichobadilika nikikihamisha? Tafuta ukinzani kwa volti na mkondo ulioandikwa. Kisha, kwa volti mpya, tafuta mkondo mpya. Nguvu, yaani wati, iwe ya mwisho kuhesabiwa. Ukimaliza, usiamini karatasi peke yake, pima. Na mwenzako akikosea mbele za watu, msahihishe kwa hesabu, usimsahihishe kwa dharau, maana Mzee hakumcheka Ramadhani hata mara moja.

Mungu akupe jicho tulivu na mkono usiotangulia akili. Kila utakachokiwasha kiwape watu joto, na urudi nyumbani kila jioni ukiwa mzima.