Shujaa Asiyejulikana Amejulikana, na Alikuwa Anaogopa Bata

Leo nimeumbuliwa mbele ya darasa langu hapa Garsen, na bado nacheka.

Mnajua nafundisha historia. Basi leo niliwapeleka wanafunzi maktaba nikachanganya mambo: kitabu cha historia ya Mto Tana, kijitabu cha ngano, na mgeni, Bibi Habiba wa kule Kau, aje atusimulie.

Nikaanza na kitabu. Nikainua picha ya mwanamume mwenye mti mrefu mkononi, uso kaukunja.

Nikasoma kwa sauti nzito: "Shujaa asiyejulikana, akielekea vitani."

Bibi akavaa miwani, akasogea.

"Mwalimu, huyo ni baba yangu."

Nikaitazama tena ile picha.

"Vita gani? Huo ni upondo wa kusukumia mtumbwi. Alikuwa anakwenda kumposa mama!"

Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mbona amekasirika hivyo, Bibi?"

"Viatu vya kuazima, vinambana! Baba yangu huyo, hata akiona bata alikuwa anakimbia."

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nimeshika kitabu, sijui nikifiche wapi.

Halafu Bibi akapitisha kidole juu ya ile picha. Kumbe nyumbani kwake hana picha ya baba yake hata moja.

"Andika jina lake hapo," akaniambia polepole. "Anaitwa Salim."

Sasa jamani, kitabu cha maktaba hakiandikwi! Nikamgeukia mkutubi, ambaye ukikohoa tu anakutoa nje.

Alikuwa ameshaninyooshea kalamu.

Nyinyi mngefanyaje? Mimi nimeandika, tena kwa herufi kubwa.