Kutafuna Kama Tajiri Yangu

Niseme la aibu kwanza, tumalizane nalo: msimu mzima nilitafuna punje za mahindi mbele za watu, natikisa kichwa kama mtaalamu, na sikujua natafuta nini.

Nilimuona tajiri yangu, mama mwenye stoo ya mahindi, anafanya hivyo. Fuso la mahindi likifika stoo kutoka Mbozi, anachukua punje, anaiuma kwa magego, halafu anainua uso juu taratibu. Wanaume wazima wanasubiri. Mimi nyumbani kwetu kahawa alichuma mama, akaanika mama, siku ya kuuza baba akavaa koti. Sikuwahi kuona mwanaume anasubiri neno la mwanamke. Basi nikaiga kila kitu, kuuma, kuangalia juu, mpaka kufunga khanga kama yeye. Kuuliza sikuthubutu. Shule nilifukuzwa ada, nikaiachia kidato cha pili, na mtu wa hivyo akiuliza anaona kama anafukuzwa tena.

Siku moja tajiri akapata msiba Chitete. Akaniambia, "Fuso likija, pokea. Kazi unaijua."

Mdogo wake wa kiume alikuwa pale. "Dada, stoo unamwachia huyu? Akipokea ambayo hayajakauka, yataoza mpaka yale ya zamani."

"Huyu nimemlea mwenyewe," tajiri akasema, akaondoka.

Nikiharibu, mimi narudi kuuza mahindi ya kuchoma barabarani, sawa, nimezoea moshi. Ila yeye angechekwa na ndugu zake kwa ajili yangu.

Fuso likaja kesho yake asubuhi, kabla chai yangu haijapoa. Nikauma punje. Nikaangalia juu. Nikauma nyingine. Muuzaji aliyekuja na gari akanitazama weee, akasema, "Dada, unapima au ndiyo kifungua kinywa?"

Wabebaji wakacheka. Na mimi nikacheka, huku jasho linashuka mgongoni.

"Msishushe kwanza," nikasema. Nikazunguka nyuma ya stoo na simu. Chitete mtandao wa shida. Nikapiga, nikapiga, huku namsikia muuzaji analalamika kwamba gari si lake. Ilipopokelewa, nyuma kulikuwa na nyimbo za msiba.

"Mama, nisamehe. Hivi ukiuma punje huwa unasikiliza nini?"

Nyimbo zikafifia, anajitenga na watu. Nikajua kazi imeisha.

"Kumbe hujui," akasema. "Nilivyokuona unatafuna, nikaona nikikufundisha nakudharau. Sikia. Iliyokauka inapasuka, unaisikia. Yenye maji inabonyea tu. Na usichukue ya juu ya gunia, hapo wanaweka nzuri. Chukua bambo, choma chini."

"Na juu huwa unaangalia nini?"

"Juu wapi?"

"Ukishauma. Unaangalia juu."

"Shingo inaniuma, mwanangu."

Nikarudi na lile bambo, chuma chenye ncha cha kutolea punje ndani ya gunia. Nikachoma chini, nikauma. Ya juu ilipasuka. Ya chini ikabonyea kama ugali wa jana. Nikaenda gunia kwa gunia. Yenye punje za kupasuka yakashushwa, yenye za kubonyea nikayaacha kwenye gari, na muuzaji akaapa mimi nina roho mbaya kuliko tajiri yangu.

Sikulala vizuri mpaka tajiri aliporudi. Alifungua magunia mwenyewe, akachoma, akauma. Mdogo wake amesimama mlangoni. Tajiri akainua uso juu, mimi nasubiri.

"Wiki ijayo naenda Mbeya," akasema. "Utapokea."

Jioni nikamsimulia yote rafiki yangu anayekaanga maandazi mlango wa pili. Nilidhani atanicheka, lakini akaendelea kugeuza maandazi. Halafu akasema, "Leo yule kaka wa unga kaniletea mfuko. Siku zote anautupa hapo anaondoka. Leo nikamwambia asubiri. Nikaufungua, nikanusa kama wewe na mahindi yako. Sijui nilikuwa nanusa nini, shoga, ila alisubiri."