Kura za Mama Bertrand

Meya wa kweli wa jiji hili hatumchagui sisi. Mabango ya wagombea yananing'inia kwenye kila nguzo ya taa, nyuso zote zinatabasamu, lakini mtu mwenye karatasi ya ukimbizi hana kura hapo. Mwaka huu hata kupita chini ya mabango hayo ukiongea Kiswahili kwa sauti kubwa si busara sana. Kwa hiyo tulijitengenezea meya wetu. Ni kiongozi wa Umoja, chama chetu sisi watu wa Kongo na Burundi tunaoishi Durban. Kwenye katiba anaitwa président, mtaani tunamwita meya. Ulikuwa utani, ila umekaa miaka mingi mpaka watu wamesahau kuucheka.

Mimi natengeneza simu katika uchochoro wa maduka katikati ya jiji. Wazazi wangu waliniita Doudou, lakini hapa kila mtu ananiita Papa Lyse, kwa jina la binti yangu wa kwanza. Ndivyo tulivyo. Mtu akishazaa, jina lake la zamani linawekwa kabatini. Meza iliyo jirani na yangu ni ya mama mmoja Mrundi anayesuka nywele, na huyo tulimwita Mama Bertrand tangu siku aliyofika, miaka kumi na minne iliyopita.

Niseme mapema, maana simpendi msimulizi anayeficha kitu mfukoni. Bertrand alikufa akiwa na miezi minane, katika kambi moja upande wa Kigoma, wakati wa vita vya kwao. Alikuwa mtoto wake wa pekee. Baba yake alikuwa amekwisha kuuawa kabla hawajavuka mpaka. Sisi hatukujua lolote kati ya hayo. Tulimuuliza, "Bertrand anaendelea?" kama mnavyoulizana nyote, naye alijibu, "Anaendelea, Mungu ni mwema," kisha akaendelea kusuka. Tukajijazia wenyewe yaliyobaki. Wengine walisema kijana yuko Kanada. Mimi nilikuwa na hakika yuko Ubelgiji, sijui nani aliniambia.

Kazi yake nyingine haikuwa na meza. Kwetu mzazi haachwi peke yake. Mama yake au mkwewe huja, akamkanda kwa maji ya moto, akamuogesha mtoto, akapika uji. Lakini mama zetu wako Uvira, wako Bujumbura, wengine wako kaburini. Basi mwanamke akishikwa na uchungu hapa, alipigiwa simu Mama Bertrand. Alijua Kizulu cha kubembeleza manesi na cha kugombana nao. Kipindi kile vijana wasiotaka wageni walipokuwa wakisimama kwenye mageti ya kliniki kuuliza vitambulisho, aliwapita akiwa amemshika mzazi mkono, akiwaamkia mmoja mmoja kwa heshima mpaka wakaona aibu. Baada ya hapo alihamia kwa mzazi siku saba. Siku ya nane alikunja khanga zake akarudi Chatsworth, kwenye chumba alichopanga nyuma ya nyumba ya Wahindi, na hakuna aliyemwita tena mpaka mimba nyingine ikomae.

Hilo naliona leo. Wakati ule sikuliona. Aliwaogesha watoto wetu, kisha watoto hao wakakua, na wakipita pale kwenye uchochoro wakiambiwa, "Msalimie Mama Bertrand," walijificha nyuma ya sketi za mama zao. Chakula cha mchana alikula peke yake, ameupa uchochoro mgongo. Meza yangu ilikuwa hatua mbili kutoka kwake, na katika miaka kumi na minne sikuwahi kuvuta kiti nikakaa naye. Nilikuwa na simu za watu.

Uchaguzi wetu una raundi mbili. Ya kwanza ni ya mchujo, wawili wanaoongoza wanakwenda ya pili. Safari hii karatasi ya kura ilikuwa na majina mawili tu. La kwanza lilikuwa la Gustave, mwenye biashara ya kusafirisha mizigo, aliyepita kila kanisa na kila saluni kugawa kalenda zenye picha yake. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. La pili lilikuwa la Alain, mchungaji. Chini kabisa palikuwa na mstari mtupu. Mwalimu Ladislas, anayesimamia uchaguzi, huuweka kila mara kwa sababu katiba inasema mwanachama anaweza kuandika jina la mtu mwingine. Kwa kawaida watu huutumia kwa mzaha. Mwaka uliopita Yesu alipata kura nne.

Siku hiyo, katika ukumbi wa kanisa tuliokodi, Ladislas alifungua karatasi moja moja, na alipofika ya kumi akavua miwani akaifuta. Mwisho alisimama akasoma: Alain, kura arobaini na tisa. Gustave, hamsini na nane. Mama Bertrand, tisini na sita.

Vigelegele vilipigwa hadi mlinzi wa kanisa akaja kuchungulia. Kilichonishangaza ni kwamba hakuna aliyekuwa amempigia kampeni. Gracieuse, aliyezaa mapacha wake mikononi mwa mama huyo, alikuwa analia na kucheka pamoja.

"Miye nilifikiri iko kura yangu peke yangu!" alisema. "Nikaandika tu, ili roho yangu itulie."

"Hata miye!" akasema mwingine. "Sikumwambia hata bwana yangu."

Na bwana wake, aliyekuwa nyuma yake, akasema, "Eish, na miye niliandika."

Nami niliandika. Kila mmoja aliandika kwa siri, akidhani ni yeye peke yake anayemkumbuka.

Ladislas akagonga meza. Alikuwa mwalimu kule Bujumbura miaka thelathini, na ukimsikia akigonga meza unatafuta daftari.

"Raundi ya pili haina mstari mtupu," alisema. "Majina yatachapwa kama yanavyosomeka kwenye permis ya mtu, karatasi yake ya ukimbizi. Mutaweka alama kwenye kisanduku, basi. Bulletin yoyote ya kura yenye maandishi ya mkono ni nulle, imeharibika. Sasa, jina la huyu mama ni nani?"

Watu wakaanza kuulizana kwa minong'ono.

"Jina lake la permis," alirudia.

"Mwalimu, tunamwitaka Mama Bertrand tu," alisema Gracieuse.

Watu wakanigeukia mimi, jirani yake. Nilitazama viatu vyangu. Tisini na sita walimtaka mtu awaongoze, na hakuwepo hata mmoja wetu aliyejua anaitwa nani. Sijawahi kuona haya kama siku ile, na mimi si mtu wa kuona haya kirahisi. Ikabidi nimpigie simu. Hakuwa amekuja, alikuwa na kichwa cha mteja mkononi. Nilimweleza, naye akasema, "Médiatrice." Akatamka polepole, kama mtu anayejaribu kiatu cha zamani.

Wiki iliyofuata meza yake haikupata pumzi. Watu walikuja kumpongeza, na kila mpongezi alitaka kujua jambo moja.

"Sasa Bertrand atakuja kukusapoti?"

"Mwambie atume hata video, mama!"

Kwa mara ya kwanza sikusikia "anaendelea." Alikuwa akiinama kutafuta kitana. Kisha watu wa Gustave wakaanza yao. Mama gani huyu ambaye mtoto wake hajulikani? Kuna aliyemwona? Labda yuko gerezani. Labda ni mwanajeshi wa upande fulani. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ijumaa jioni, tukifunga meza, nilimwambia, "Mama, toa picha moja tu ya kijana, midomo ifungwe."

Akanitazama. "Papa Lyse, wakininyima jina hilo, nitabaki na nini?"

Sikumwelewa. Nilidhani anaongelea kura.

Jumapili ya raundi ya pili tulijaa zaidi ya mara ya kwanza. Desturi yetu ni kwamba mgombea hujitambulisha pamoja na watu wake, maana mtu hajulikani mpaka uone amezungukwa na nani. Gustave alipanda na mkewe Marie-Louise na watoto wanne, wote wamevaa kitenge cha aina moja. Picha zikapigwa. Ikaja zamu ya Mama Bertrand. Alipanda peke yake, amevaa gauni la kijivu, na jukwaa likaonekana kubwa ghafla.

Gracieuse, kwa mapenzi tu, akapaza sauti, "Mama, basi tuonyeshe hata picha ya Bertrand!"

"Sina picha," alisema.

Kisha akatueleza, kwa sauti ileile anayotumia kumwambia mteja kwamba nywele zake zimekatika. Miezi minane. Homa, siku tatu. Kambini watoto walikuwa wanazikwa kwa haraka, na mwaka uliofuata mvua ilipita mahali pale. Hakuna picha, hakuna cheti cha kuzaliwa, hakuna kaburi ambalo mtu angeweza kumwonyesha.

"Nilipofika Durban mukaniuliza, wewe ni mama nani?" alisema. "Ningesema sina mtoto, mungenionea huruma siku mbili, halafu mungeniita madame. Nikasema Bertrand. Ninyi mukaanza kuliita. Asubuhi, mchana, kwenye simu. Tangu azaliwe hakuna aliyeliita jina lake hivyo isipokuwa miye na baba yake. Sikuwadanganya kwa ubaya. Nilikuwa napenda kusikia."

Hakuna aliyepiga makofi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mle ndani wazazi tulikuwa wengi. Mtu mmoja nyuma alinung'unika kwamba uongo ni uongo tu, akanyamazishwa. Mama Bertrand akashuka, akaenda kukaa kwenye kiti cha pembeni, na viti viwili kila upande vikabaki vitupu. Watu hawakujua wamkaribie vipi. Nami sikujua, nikabaki nilipo.

Ladislas akarudia kanuni kwa Kiswahili, kwa Kirundi na kwa Kifaransa. Alama kwenye kisanduku. Ukiandika neno, kura imekufa. Tukapanga foleni.

Nilipoingia nyuma ya pazia nikakuta karatasi nadhifu. Gustave, na jina lake la ukoo. Médiatrice, na jina lake la ukoo. Nilishika kalamu. Nilijua kanuni, nilikuwa nimeisikia kwa lugha tatu. Lakini kuweka alama kwa huyo Médiatrice nisiyemjua, baada ya yale aliyosema, niliona kama nami nimemfukia yule mtoto mara ya pili. Nikajiambia kura moja haitabadilisha kitu. Chini ya karatasi, mahali pasipo na mstari, nikaandika: Mama Bertrand. Nikatoka nikiwa nimeridhika na nafsi yangu, mpumbavu mimi.

Gustave alipata sabini na tisa. Médiatrice, sitini na moja. Zilizoharibika, sabini na moja.

Watu walichukua muda kuelewa. Kisha nikawaona wakitazamana kwa wizi, Gracieuse amefunika mdomo kwa kiganja, na nikajua kwamba kwa mara ya pili kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Watu wa Gustave walianza kuimba, lakini wimbo haukupanda. Gustave mwenyewe, simpendi lakini sitamnyima haki yake, alikwenda kumwinamia mama na kumpa mkono.

Wengi waliondoka upesi. Gracieuse alipita mbele yake, akafungua mdomo kusema kitu, akashindwa amwite nani, akaondoka. Ukumbi ulipobaki na watu wachache, Mama Bertrand aliinuka akaenda kwenye meza ya Ladislas.

"Mwalimu, naomba bulletins zile za nulle."

"Mama, katiba inasema zichanwe."

"Najua. Naziomba."

Ladislas alitazama lile rundo, akatazama katiba yake yenye jalada la plastiki. Miaka yote niliyomfahamu sijamwona akivunja kanuni hata ya kupanga viti. Akazichukua zile karatasi sabini na moja, akazigonga mezani zikae sawa, akazifunga kwa mpira, akampa kwa mikono miwili.

Yeye akafungua mpira palepale. Alizipitia moja moja, akisoma kwa midomo bila sauti. Kulikuwa na herufi kubwa, kulikuwa na maandishi ya watu waliojifunzia kuandika ukubwani, mmoja alikuwa ameandika Bertrand tu, bila Mama. Hiyo aliishika zaidi. Nilijua mwandiko wangu upo humo, nikataka ardhi inimeze.

"Mama, tusamehe," nilisema. "Tumekuangusha kwa mikono yetu."

"Muliandika vizuri," alisema. "Sikuwahi kuona jina lake limeandikwa. Kule hakukuwa na karatasi."

Alizifunga tena, akazitia ndani ya mkoba, akauweka mkoba kifuani, chini ya khanga. Nilimsindikiza mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani, palipo na foleni ya teksi za Chatsworth. Nilimwambia nitapanda naye nimfikishe, Jumapili sina kazi, mke wangu ataelewa. Nilikuwa nimechelewa miaka kumi na minne, lakini nilisema kwa moyo.

Alitikisa kichwa, mkono mmoja ukiushikilia ule mkoba kwa chini.

"Hapana, Papa Lyse. Leo niache niende naye."