Spidi ya Wakongwe

Heri mnicheke ninyi msionifahamu, maana Mwanza nzima imeshanicheka. Mimi ni mpiga dramu, na kwa mdomo sina mpinzani. Kila mazoezi huwa nawahubiria wenzangu albamu za roki za zamani, na kuwaponda wapiga dramu wa siku hizi kwamba wanapapasa ngozi kama wanabembeleza mtoto.

Mwezi jana simu yangu ilikufa, nikawa nasikilizia albamu hizo kwenye simu ya mke wangu. Nikashtuka. Wale wakongwe walikuwa wanakimbia kuliko nilivyokumbuka! Nikafanya mazoezi hadi viganja vikachubuka, kisha nikailazimisha bendi nzima ikimbie hivyohivyo. Magesa, mpiga besi wetu, akasema nyimbo zile haziendi hivyo.

“Wewe mzito,” nikamwambia mbele ya wote. “Rudi kijijini kwenu Usagara ukaswage ng’ombe.” Tukamtoa kwenye bendi.

Jumamosi mchana tukapiga hotelini, kando ya ziwa. Mwimbaji akaishiwa pumzi hata kiitikio hakijafika, wageni wakarudi vitini. Nikamfokea kwenye maikrofoni, halafu nikaunganisha simu ya mke wangu na spika ili ukumbi mzima usikie wimbo wenyewe unavyokwenda.

Mke wangu akasimama. “Baba Neema, punguza kwanza hiyo spidi ya simu. Huwa naiongeza nikisikiliza mahubiri, mchungaji wetu anaongea polepole mno.”

Mimi hata pa kubonyeza sikupajua. Magesa, aliyekuja kututazama, akapanda jukwaani na kubonyeza mara moja. Wimbo ukatembea taratibu, vilevile alivyokuwa akiupiga yeye.