Kidole Changu kwenye Vita vya Angani

Huku kwetu Biryogo, mjini Kigali, watu wakigombania mpaka wa kiwanja, wananiita mimi. Shule sikusoma, lakini kuamua najua. Basi Jumapili mjukuu wangu Shamila na rafiki yake Diane wakagombana juu ya mchezo wao wa mezani, vyombo vya angani vinavyopigana. Mshindi ndiye angewakilisha shule yao. Kitabu cha sheria kinasema chombo kikiingia ndani ya mstari kimepigwa na mwenyewe ameshindwa; hakisemi kama bawa peke yake linahesabika.

Wakanionyesha chombo chekundu, bawa lake limevuka mstari. Nikakohoa kwanza. "Mbuzi akitia mguu shambani kwangu, ameingia. Bawa limeingia, chombo kimepigwa!"

Diane akapiga makofi. Shamila akaninong'oneza, "Bibi, hicho chekundu ni changu."

Yarabi! Mimi nilidhani chake ni cheusi. Na hukumu yangu sijawahi kuirudisha. Nikainama kama mtu anayekagua, nikakisukuma chekundu kidogo kwa kidole.

"Haya, tazameni vizuri. Bawa liko nje."

Shamila, huyo huyo niliyekuwa namwokoa, akatugeuzia simu iliyokuwa ikirekodi mchezo. Kidole changu chenye hina kilijaa kioo kizima.

"Bibi," akasema, "rudisha."