Shilingi Ishirini na Tano za Katoni

Juzi nilifungua pakiti ya sabuni ya unga hapa nyumbani Murera, harufu yake ikanipanda puani, nikapiga chafya mara tatu, na kabla sijapangusa pua nilikuwa nimerudi darasa la tatu. Watu wengine wakinusa sabuni hukumbuka nguo. Mimi hukumbuka kesi.

Wanaonijua wanajua sitoki mlangoni bila sababu. Hata Thika, hapo karibu, mpaka kitu cha lazima kiniishie. Kwa hivyo msitarajie hadithi ya safari. Hii ni hadithi ya rafu moja ya mbao nyuma ya darasa, kule Ruiru nilikolelewa, na jinsi nilivyojifanya polisi nikiwa na miaka tisa na meno mawili yaliyong'oka.

Rafu hiyo ilikuwa duka letu. Mwalimu wetu, tuliyemwita Madam tu, alichoka kutuona tukitetemeka mbele ya hesabu za pesa, akatuambia tulete pakiti tupu kutoka nyumbani: za majani chai, za chumvi, za unga, za sabuni, na mikebe ya mafuta ya kupikia. Pesa tulizikata wenyewe kwenye katoni, tukaziandika kwa kalamu ya wino. Ukisimama karibu na hiyo rafu, ulinusa vitu vyote ambavyo havikuwemo.

Bei karibu zote Madam alizimalizia na tano. Chai kumi na tano, chumvi ishirini na tano, unga sitini na tano. Kila Ijumaa baada ya lanchi tuliuziana. Keshia alikuwa Nekesa, msichana aliyekuja muhula huo kutoka Bungoma baada ya babake kupata kazi kwenye kiwanda kimoja Thika. Karani wa kuandika vilivyouzwa nilikuwa mimi. Keshia alipewa mkebe wa pesa na kiti chenye mgongo, cha pekee darasani ukiacha kile cha Madam. Karani alisimama. Wakati huo ningeapa kwa Biblia kwamba kiti hakikuhusiana kabisa na yaliyofuata.

Wiki ileile tulikuwa tumefundishwa kupeleka nambari kwenye kumi iliyo karibu. "Tano kupanda, ipandishe. Nne kushuka, ishushe," Madam aliimba, nasi tukaitikia. Nilipenda hesabu hiyo kuliko chapati. Ilikuondolea adha ya mamoja, ukabaki na makumi yaliyonyooka. Nyumbani tulikuwa watoto sita. Nikamwambia mama kwamba kwa hesabu za kisasa tulikuwa kumi.

"Ngai!" mama akasema. "Hao wanne wengine utawapikia wewe."

Ijumaa ya kwanza tuliuza vitu vitatu. Nilipandisha kila bei hadi kumi yake, nikajumlisha, nikapata mia moja na kumi. Nikachungulia mkebe wa Nekesa: tisini na tano. Nilimtazama tu. Nikaona alivyoingiza mikono kwenye mifuko ya sweta. Nikaona kwamba hakucheka mwenzetu Kinuthia alipoanguka kwenye dawati, na kila mtu alicheka. Nikaona kwamba anafunga begi lake mara mbili. Shosho, nyanya yangu, alikuwa akisema anayetafuta chawa hakosi kujikuna, nami wiki hiyo nilijikuna usiku na mchana.

Ijumaa ya pili tuliuza vitu vitano. Daftari langu likasema mia mbili na kumi. Mkebe ukasema mia moja themanini na tano. Pengo lilikuwa limekua! Nikajiambia, siku wateja wakizidi, na wizi nao unazidi. Madam alikuwa ameitwa ofisini. Nikapanda juu ya dawati.

"Pesa zimepotea," nikatangaza. "Ishirini na tano. Na juzi kumi na tano. Kuna mtu anajua ziko wapi."

Darasa zima likageukia kile kiti.

"Si mimi," Nekesa akasema. "Hesabu tena."

"Nimehesabu!"

"Hesabu tena, Wairimu. Haki, sijachukua."

"Za mwizi ni arobaini," mtu akasema kutoka nyuma.

"Haiya, hata hajafika!" Kinuthia akadakia. "Huyu ako ishirini na tano!"

Tukacheka hadi machozi. Nekesa aligeuza mifuko ya sweta nje, yote miwili. Kilichoanguka ni punje ya ndengu iliyokauka. Ungedhani hapo tungeaibika. Mimi niliona ujanja: mwizi wa kweli hawezi kuweka mali mfukoni.

Zilikuwa pesa za katoni, jamani. Zisingenunua hata peremende. Lakini Jumatatu aliyekuwa akikaa na Nekesa alihamia dawati lingine. Jumanne watu walianza kubeba penseli zao kwenda chooni. Jumatano alisahau rula, akaomba, na darasa zima likawa halina rula. Aliichora mistari yake kwa kutumia ukingo wa kitabu. Nilimwona. Mistari ilipinda.

Alhamisi Madam akauliza kwa nini mtoto mmoja anakaa peke yake kama mwenye surua. Nikasimama na daftari langu, nikasoma mashtaka. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi.

Madam hakunipigia makofi. Alitoa boksi la vijiti, vile tulivyovifunga kumikumi kwa mpira kujifunzia makumi na mamoja. "Njoo unipangie hiyo hesabu hapa mezani," akasema. "Anza na chai."

Nikaweka mafungu mawili. Ishirini.

"Chai ni pesa ngapi?"

"Kumi na tano, Madam."

"Mbona mafungu mawili?"

"Tano inapanda, Madam."

"Fungua fungu la pili. Weka vijiti vya chai tu."

Nikalifungua. Nikahesabu vitano, nikabaki na vingine vitano mkononi.

"Hivyo vya mkononi nani alilipa?"

Tukaenda kwenye chumvi, vitano vikabaki. Sabuni, vitano. Mafuta, vitano. Unga, vitano. Mkono wangu ulikuwa umejaa vijiti ishirini na vitano ambavyo hakuna mtu aliyewahi kulipa, kuiba wala kuona.

"Nilihesabu mara tatu," nikasema, nikianza kulia. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimekosea vilevile mara tatu, kwa sababu jibu lilikuwa linanipendeza.

Madam alinifanya niombe msamaha mbele ya darasa, kisha akampa Nekesa mkebe. Nekesa akaurudisha mezani.

"Wairimu ashike," akasema. "Mimi nitakuwa nanunua."

Basi nikapata kiti. Na kila Ijumaa hadi tulipofunga shule, Nekesa alikuja kununua unga wa sitini na tano, akanipa mia, nikamrudishia chenji. Aliitandaza juu ya meza na kuihesabu kwa sauti iliyofika hadi mlangoni: "Kumi. Ishirini. Thelathini. Thelathini na tano." Hakunitazama hata mara moja.

"Ananishuku," nilimlalamikia Kinuthia. "Si niliomba msamaha?" Na kwa miaka mingi nilibaki na hilo: kwamba Nekesa alikuwa na kinyongo.

Nilipomaliza fomu foo niliajiriwa duka moja Kahawa Wendani. Jioni moja hesabu ya mwenye duka ikapungua. Hakunitaja, alinitazama tu, kwa namna niliyoijua vizuri. Kuanzia hapo, kila nilipofunga kazi, nilikunja mikono ya sweta hadi viwikoni, nikafungua mkoba wangu wazi kabisa, nikapita mbele yake polepole. Hakuwa ameniuliza. Ilikuwa siku ya nne au ya tano, nikiwa nimesimama hapo na mkoba wazi, nilipoelewa kwamba Nekesa hakuwa akihesabu kuona kama nimempunja. Alihesabu ili darasa zima lisikie kwamba hajachukua zaidi ya chenji yake.