Nilivyofunga distributa njia ya Magindu, simba nyuma yetu na mama mkwe kashika hendeli

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni mzee, wengi wenu ni wajukuu zangu, kwa hiyo shikamoo zenu nimeshaitikia. Juzi nilisoma swali la kijana anayetaka kuseti taiming baada ya kubadili distributa kwenye gari la zamani. Wengine mlimjibu, wengine mkamcheka. Mimi niliposoma tu, mkono wa kulia ukaanza kuuma.

Ngoja niwaambie kwa nini. Hii si chai, imenikuta mwenyewe.

Mwingereza bado yupo. Mimi kijana, naendesha pikapu ya tajiri mmoja mnunuzi wa korosho pale Kisarawe. Mke wangu alikuwa amekwenda kwa dada yake Magindu, uchungu ukamshika huko huko kabla ya siku zake. Mtoto wetu wa kwanza. Mama mkwe, aliyekuwa akikaa Msimbu, alipopata habari akataka kwenda kumkanda mwanawe. Nikaomba gari, tajiri akakubali.

Sasa vijana mjue, zamani mkwe humtazami usoni. Huli naye. Ukitaka kumpa kitu unakiweka chini, anaokota. Tangu Msimbu mpaka Kibaha tulikuwa tumeamkiana tu, basi.

Kongowe (hii ya Kibaha, sio ya Dar) nikasimama kutia maji kwenye rejeta. Bwana mmoja aliyekuwa na ng'ombe wake akauliza tunakwenda wapi. Nikamwambia Magindu.

"Basi msisimame njiani," akasema. "Kuna simba jike huko, ameshaonja mtu."

Mama mkwe akavuta khanga kichwani.

Tulishaiacha barabara kubwa, nyasi pande zote mbili, gari likakohoa, likakohoa tena, likazima.

Nikafungua boneti. Shafti ya distributa, ile inayogawa moto kwenye plagi, ilikuwa imekatika, na roto inayozunguka ndani yake imepasuka vipande. Chini ya kiti kulikuwa na distributa nyingine, ya mtumba, tuliyokuwa tunamngojea fundi wa Dar aje aifunge. Mimi nilishawahi kumtazama akifunga. Kutazama tu, wakuu.

Nikazungusha injini kwa hendeli, lile chuma la kuwashia gari kwa mbele, mpaka alama ya kwenye puli ikakaa mahali pake. Nikachomeka distributa, roto ikielekea waya wa plagi ya kwanza. Nikakaza. Nikashika hendeli, nikavuta kwa nguvu.

Ikalia kama bunduki, moto ukaruka kwenye kabureta, na hendeli ikarudi kinyume. Niliusikia mfupa wa mkono wangu kabla sijayasikia maumivu.

Nilikaa chini. Mama mkwe akashuka mbio, akachana khanga yake moja, akanifunga mkono na kijiti. Ndiyo mara ya kwanza kunigusa. Alipomaliza akainua kichwa, akatazama nyuma ya gari, na mikono yake ikasimama hewani.

"Baba," akasema polepole, "usinyanyuke ghafla."

Nikageuka. Simba jike alikuwa amesimama katikati ya njia tuliyopita. Si mbali. Jiwe la mtoto lingemfikia. Akatutazama, kisha akalala kifudifudi kichwa juu, kama mtu aliyeamua kusubiri.

Tukarudi ndani ya gari kinyumenyume. Gari lenyewe halina vioo. Nikamwambia, "Mama, tusubiri, labda watapita watu."

"Jua likizama atakuja," akasema. "Mimi sikuja kufa njiani na mjukuu sijamwona. Niambie la kufanya."

Hapo maumivu yenyewe yalikuwa yamenifungua akili. Nikakumbuka fundi alikuwa anaweka kidole gumba kwenye tundu la plagi. Ile alama ya puli hukaa mahali pake mara mbili: mara moja pistoni ikiwa inabana hewa, mara nyingine ikiwa inatoa moshi. Mimi nilikamata ile ya moshi, na juu ya hapo distributa nikaigeuza kupita kiasi.

Tukashuka. Mimi kwenye injini, nimefungua plagi ya kwanza na kuziba tundu lake kwa kidole, yeye kwenye hendeli, macho yake yakiwa nyuma muda wote.

"Zungusha taratibu, mama. Taratibu."

Kidole changu cha kushoto kikasukumwa na hewa, alama ya puli ikafika mahali pake. "Hapo! Acha hapo."

Nikachomoa distributa, nikairudisha roto ikitazama pale panapotakiwa. Ikabaki kuseti. Fundi alikuwa anabana kikaratasi kwenye pointi, vile vidomo viwili vya kukata umeme, anageuza distributa polepole, karatasi ikiachiwa tu anakaza. Karatasi nyembamba niliyokuwa nayo ilikuwa kwenye pakiti ya sigara mfukoni, na mkwe hakujua kama navuta. Nikaitoa. Akaishika karatasi, mimi nageuza.

"Imeachia," akanong'ona.

Nikakaza kwa mkono wa kushoto, spana inateleza kwa jasho. Nikarudisha plagi. Simba akanyanyuka. Akajinyoosha.

Nikaenda kushika hendeli, mama mkwe akanitoa kwa bega.

"Mkono uliobaki ndio wa usukani," akasema.

"Mama, nikiwa nimekosea itakuvunja."

"Najua. Si nimeona?"

Nikamwonyesha: kidole gumba kikae upande mmoja na vingine, avute kwenda juu, asisukume. Akatoa shahada kwa sauti. Mimi nikafumba macho, kweli nilifumba.

Injini ikawaka.

Sikutazama simba alikuwa wapi. Mpaka leo sijui. Mkwe aliruka ndani, mimi nakanyaga klachi, nashika usukani kwa kushoto, yeye ndiye anavuta gia nikimwambia "mbele" au "nyuma." Hivyo hivyo mpaka Magindu.

Watu wakatoka kutupokea. Mimi nikashuka, yeye hakushuka. Miguu ilikataa. Mke wangu akaja mpaka mlango wa gari na mtoto mkononi, na yule mama ambaye hakulia porini akalia kwa sauti mpaka majirani wakadhani kuna msiba. Ilibidi apakatishwe mjukuu wake mle mle garini.

Kwa kijana aliyeuliza: kabla hujachomoa distributa, weka alama roto ilikotazama. Usiamini alama ya puli peke yake, weka kidole kwenye tundu la plagi usikie hewa. Na kama gari ni la hendeli, kidole gumba usikizungushie.

Mkono wangu uliunga vibaya, nikinywa chai nashika kikombe kwa kushoto. Mafundi mliomo humu, nilipokosea nirekebisheni. Na kama kuna mwingine aliyewahi kupigwa na hendeli, aseme ilimpata wapi.